Tumbo Linapopanda Kifuani: Hisia ya Kukosa Uzito na Maana Yake kwa Afya

Msafiri aliyewahi kuketi kiti cha nyuma kabisa cha basi anaifahamu hisia hii vyema. Basi linalikuta tuta dereva akiwa hajapunguza mwendo. Kwa sehemu ya sekunde abiria ananyanyuka kitini, tumbo linapanda kuelekea kifuani, pumzi inakatika, kisha anarudi kitini kwa kishindo. Wengine hucheka, wengine hupiga kelele, na wapo wanaoshika kiuno na kunyamaza.

Tukio hilo, ambalo kwa msafiri ni kero, ndilo ambalo watu wa nchi nyingi hulilipia fedha ili walipate tena na tena katika chombo cha burudani kiitwacho rolakosta. Huu ni msururu wa mabehewa madogo yanayopandishwa juu ya mlima wa reli, kisha huachwa yateremke na kupita vilima, mabonde na mizunguko kwa kasi kubwa. Katika zama hizi ambapo jamaa zetu husafiri kwenda Dubai, Abu Dhabi, Ulaya na Marekani kwa kazi, masomo au matembezi, swali la "Je, daktari, naweza kukipanda chombo kile?" si geni tena kliniki.

Makala haya yanaeleza hisia ya kukosa uzito hutoka wapi, mwili huitambua kwa viungo gani, na kwa nini mhudumu wa afya na mgonjwa wanapaswa kuielewa. Hoja yetu kuu ni hii: kukosa uzito kwa sekunde chache hakumdhuru mtu mwenye afya njema. Kinachoweza kudhuru ni uzito unaporudi.

Kinachotoweka si uvutano

Wengi hudhani kwamba mtu anapokosa uzito, nguvu ya uvutano ya dunia imemwachilia. Sivyo. Uvutano humvuta abiria aliye kileleni mwa rolakosta kama ulivyomvuta alipokuwa amesimama katika foleni ya tiketi. Kinachobadilika ni kile kinachomzuia asianguke.

Tunapoketi, dunia hutuvuta chini na kiti hutusukuma juu kwa nguvu iliyo sawa. Mwili hauna kiungo cha kuuhisi uvutano wenyewe, kwa kuwa huvuta kila chembe ya mwili kwa pamoja. Tunachokihisi ni msukumo wa kiti makalioni, msukumo wa sakafu nyayoni, na mkandamizo wa kiungo kimoja juu ya kingine. Hisia hizo kwa ujumla wake ndizo tunazoziita uzito. Kiti kikiacha kusukuma, hisia ya uzito hutoweka papo hapo, ingawa uvutano uko palepale.

Mwaka 1907 Albert Einstein, wakati huo akiwa mtumishi wa ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, alipata wazo kwamba mtu anayeanguka kutoka paani hatauhisi uzito wake. Baadaye alilitaja kuwa wazo la furaha kuliko yote maishani mwake. Wanaanga ni mfano wa jambo hilohilo. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huizunguka dunia kikiwa umbali wa kilomita 400 hivi kutoka ardhini, mahali ambapo uvutano ungali karibu asilimia 90 ya ule tulio nao hapa chini. Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja bila kukoma, wakiizunguka dunia badala ya kuigonga.

Rolakosta humpa abiria kionjo cha hali hiyo. Mabehewa yanapopita kileleni, reli hujipinda kuelekea chini, lakini mwili wa abiria huelekea kuendelea mbele kwa mstari ulionyooka. Kwa mfano, ikiwa mabehewa yanakwenda kilomita 72 kwa saa juu ya kilima chenye mviringo wa nusukipenyo cha mita 41 hivi, reli huinama kwa kiasi kilekile ambacho mtu angeanguka. Kiti hakimsukumi tena, naye huhisi kama anaelea. Mwendo ukizidi hapo, kiti humkimbia abiria, na kinachomshusha huwa ni mkanda au nondo iliyopita juu ya mapaja yake.

Waketio nyuma hunyanyuka zaidi, kwa kuwa behewa la mwisho hupita kileleni likivutwa na yale yaliyokwisha kuanza kuteremka. Kwenye basi sababu ni tofauti kidogo: sehemu iliyo nyuma ya magurudumu ya mwisho hurushwa juu kuliko nyingine.

Hali hii haiwezi kudumu. Kitu kinachoanguka huwa kimeshuka mita 5 hivi katika sekunde ya kwanza. Katika sekunde ya tatu kimekwisha kushuka mita 44 na kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Kwa hiyo kila sekunde ya kuelea hudai kimo kikubwa, na mwisho wa kimo hicho ni lazima kuwe na bonde la kumpokea abiria.

Mwili unajuaje kwamba unaanguka?

Shahidi wa kwanza ni sikio la ndani. Mbali na kusikia, sikio hili ndilo linalotunza mizani ya mwili. Róbert Bárány, daktari mzaliwa wa Vienna, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake kuhusu mfumo huo. Ndani yake mna mifereji mitatu yenye umbo la nusu duara, inayohisi kichwa kinapogeuka, na vifuko viwili vinavyohisi mwendo wa kwenda mbele, nyuma, juu na chini. Katika kila kifuko mna utando laini uliobeba vijiwe vidogo mno vya madini ya chokaa. Chini ya utando huo zimo seli zenye vinyweleo.

Tukiwa tumesimama au tumeketi, vijiwe hivyo hulemea na kuvipinda vinyweleo kwa kiasi ambacho ubongo umekizoea tangu utotoni. Tunapoanguka, vijiwe navyo huanguka pamoja nasi, na ulemeaji huo hukoma. Ubongo hupokea ujumbe mmoja mfupi: hakuna kinachokushikilia.

Shahidi wa pili ni tumbo. Ini, tumbo la chakula na utumbo huning'inia kwa tando na kano. Kwa kawaida viungo hivyo huvuta kuelekea chini, na neva zilizomo huzoea mvuto huo. Katika kuanguka, mvuto hulegea na viungo husogea juu kidogo kuelekea diaframu, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mtu asemapo "tumbo limenipanda", hasemi kwa mafumbo. Analieleza jambo lililotokea kweli. Damu nayo, ambayo kwa aliyeketi wima hulemea miguuni, husogea kuelekea kifuani. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Ujerumani, Horst Mittelstaedt, alionyesha kwamba kiwiliwili kina vihisi vyake vya kutambua upande wa chini, mbali na vile vya sikio.

Shahidi wa tatu ni macho, pamoja na ngozi na misuli. Mashahidi hawa wakipatana, ubongo hutulia. Wakipingana, kwa mfano macho yakitazama mgongo wa kiti cha mbele kilichotulia huku sikio likisema tunaanguka, ndipo kichefuchefu huanza. Kwa sababu hii, atazamaye mbele, kule mabehewa yanakoelekea, huchefukwa kidogo kuliko atazamaye miguuni pake.

Juu ya yote hayo kuna hofu. Ubongo ukiamini kwamba tunaanguka, huamuru adrenalini imwagwe katika damu. Watafiti wa Mannheim, Ujerumani, waliwafunga watu wenye afya vipimo vya moyo wakiwa ndani ya rolakosta yenye mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Taarifa yao ya mwaka 2005 ilionyesha wastani wa mapigo ukipanda kutoka 91 hivi hadi 153 hivi kwa dakika. Moyo wenye afya huustahimili mzigo huo. Moyo wenye mishipa iliyoziba huenda usiustahimili.

Somo kutoka kwa mafundi

Historia ya rolakosta yenyewe inathibitisha kwamba kazi ngumu haikuwa kumwelesha abiria, bali kumpokea salama.

Asili yake ni vilima vya barafu vya Urusi, ambako katika karne ya 18 watu wa St. Petersburg waliteleza kwa burudani. Mwaka 1817 mtindo huo ulikuwa umefika Paris ukiwa na vigari vya magurudumu. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua reli yake huko Coney Island, New York, kwa nauli ya senti 5. Mwendo wake ulikuwa kilomita 10 hivi kwa saa, kasi isiyoweza kumnyanyua mtu kitini.

Tatizo la kilele lilipata ufumbuzi mwaka 1919, John Miller alipopata hataza ya magurudumu yanayoshika reli kwa upande wa chini. Tangu hapo mabehewa yaliweza kupita kileleni kwa kasi bila kuruka nje ya njia.

Tatizo la bonde lilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1895, hukohuko Coney Island, ilifunguliwa reli iliyoitwa Flip Flap, iliyowapindua abiria katika duara kamili. Duara la namna hiyo humpokea abiria kwa ghafla: sasa yuko kwenye reli iliyonyooka, papo hapo reli imepinda kwa ukali wake wote. Abiria waliumia shingo, na chombo hicho hakikudumu. Ilipofika mwaka 1976, mhandisi Mjerumani Werner Stengel alifanikiwa kuunda mzunguko wenye umbo la tone la maji katika rolakosta iitwayo Great American Revolution, huko California. Mzunguko huo hujipinda taratibu chini na kukaza juu, hivyo uzito humrudia abiria hatua kwa hatua.

Uzito unaporudi

Bondeni, kiti hakimzuii abiria tu asianguke. Hulazimika pia kuugeuza mwendo wake uelekee juu. Katika rolakosta nyingi za kisasa msukumo huo hufikia mara 3 au 4 ya uzito wa kawaida. Mtu wa kilo 60 huhisi kana kwamba ana kilo 240. Kichwa chenye kilo 4 hadi 5 huilemea shingo kwa kilo 16 hadi 20. Damu husukumwa kuelekea miguuni, na baadhi ya watu huona kiza kwa muda mfupi. Pamoja na hayo huja mitikiso ya pembeni, ambayo hutupa kichwa huku na huku.

Aliye na afya njema hutoka akitabasamu. Hata hivyo, ubongo huelea katika maji ndani ya fuvu, na vena nyembamba huvuka kutoka kwenye ubongo hadi kwenye utando wa nje. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, vena hizo zinaweza kuchanika na kuvuja damu polepole. Mwaka 2000 madaktari wa Japani walieleza katika jarida la kitabibu habari za mwanamke wa miaka 24 aliyepatwa na maumivu ya kichwa baada ya kupanda rolakosta kadhaa, na uchunguzi ukaonyesha damu iliyovuja kati ya ubongo na utando wake. Matukio ya namna hiyo ni machache sana yakilinganishwa na idadi ya wanaopanda. Yanatufundisha lakini kwamba dalili zinaweza kuonekana siku au wiki nyingi baadaye, mgonjwa akiwa amekwisha kusahau kilichomtikisa.

Turudi kwenye basi letu. Pale nyuma hakuna mkanda wala reli iliyopimwa na mhandisi. Abiria hurushwa, kisha huangukia kiti kigumu kwa makalio, na nguvu yote hupanda kwenye uti wa mgongo. Madaktari wa Uturuki, miongoni mwa wengine, wameripoti wasafiri waliovunjika pingili za mgongo kwa namna hiyo hiyo, basi lilipopita juu ya tuta kwa kasi. Mzee mwenye mifupa dhaifu, mjamzito, na mgonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo wasiketishwe kiti cha nyuma kabisa.

Je, rolakosta hutoa mawe ya figo?

Swali hili huulizwa kwa mzaha, ila lina chanzo cha kweli. Mwaka 2016 David Wartinger na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walichapisha matokeo ya jaribio lililotumia kielelezo cha figo kilichojazwa mkojo na vijiwe vidogo. Walikipandisha katika rolakosta ya Big Thunder Mountain, huko Florida. Walipoketi nyuma, vijiwe vilipita katika asilimia 64 hivi ya majaribio. Walipoketi mbele, asilimia 17 hivi tu.

Matokeo hayo yanaonyesha jinsi mitikiso inavyoweza kusogeza vitu ndani ya viungo vyetu. Hata hivyo, kielelezo si mgonjwa. Mwenye mawe ya figo anahitaji vipimo na ushauri wa daktari, na akiwa na homa au akishindwa kukojoa anahitaji hospitali bila kuchelewa.

Nani asipande?

Mhudumu anapoombwa ushauri, awazuie wafuatao, au awaelekeze kwanza kwa daktari wao:

- mjamzito, katika umri wowote wa mimba, kwa sababu ya hatari ya kondo la nyuma kubanduka;
- mwenye ugonjwa wa moyo, au shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa;
- mwenye uvimbe au udhaifu wa mshipa mkubwa wa damu;
- anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda;
- mwenye maradhi ya shingo au mgongo, au mifupa dhaifu;
- aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au aliyewahi kubandukwa na retina ya jicho;
- mwenye kifafa kisichodhibitiwa;
- mtoto ambaye hajafikia kimo kilichoandikwa langoni, maana nondo ya usalama haitamshika ipasavyo.

Anayeruhusiwa ale chakula chepesi, akae wima, aegemeze kichwa kwenye kiti na kutazama mbele. Kukaza misuli ya tumbo wakati wa kuteremka huweza kupunguza hisia ya tumbo kupanda.

Swali ambalo mhudumu asilisahau

Mgonjwa akija na maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, kutapika, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa, mhudumu aulize: "Je, katika wiki zilizopita ulipanda chombo chochote kilichokutikisa au kukurusha?" Aulize vivyo hivyo kwa mwenye maumivu makali ya shingo yanayoambatana na udhaifu wa mkono au mguu, mwenye maumivu ya kifua, na aonaye vimulimuli au pazia jeusi mbele ya jicho. Swali hilo halichukui hata dakika moja, nalo linaweza kuokoa uhai au uwezo wa kuona. Mgonjwa naye asingoje kuulizwa, aseme mwenyewe.

Wapo pia wanaohisi kuanguka ilhali hawakupanda chochote. Akigeuka kitandani na dunia ikazunguka kwa sekunde chache, huenda vijiwe vya sikio vimetoka mahali pake na kuingia katika mfereji. Hali hii hutibiwa mara nyingi bila dawa, kwa kukigeuza kichwa hatua kwa hatua kwa utaratibu ambao John Epley wa Marekani aliuchapisha mwaka 1992. Akisimama na kuona kiza, apimwe shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, na achunguzwe upungufu wa damu, upungufu wa maji na dawa anazotumia. Anayeshtuka kama anayeanguka pindi tu usingizi unapoanza kumchukua, aghalabu hana ugonjwa, naye atulizwe moyo. Lakini kizunguzungu cha ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito au mkono kulegea ni dalili za kiharusi, na kila dakika ina thamani.

Hitimisho

Hisia ya tumbo kupanda ni ujumbe wa kweli kutoka kwa mwili unaofanya kazi yake ipasavyo: unatangaza kwamba hakuna kinachoushikilia. Kwa mtu mwenye afya, ujumbe huo ni mchezo wa sekunde chache. Basi anayeuliza kama apande au asipande asiulize tu jinsi mlima ulivyo mrefu. Aulize kama moyo, shingo, mgongo na mishipa yake ya damu vinaweza kuubeba uzito wake mara nne, kwa maana huo ndio unaomngoja bondeni.